Mboga za Shukrani

Mizani ya kliniki ilikataa kumpima Tobias. Alipoikanyaga, kioo chake kidogo kilionyesha herufi moja, kisha kikazima. Muuguzi aliiwasha tena, akamwomba ashuke, apande polepole na asimame katikati. Herufi ileile ikarudi. Kwenye benchi, wagonjwa waliokuwa wakisubiri zamu walinyamaza kama watu wanaojizuia kucheka.

"Hii ni ya watu wa kawaida," muuguzi alisema, kisha akajishtukia. "Yaani, inaishia kilo mia na ishirini. Twende stoo, baba."

Stoo ilikuwa nyuma ya jiko la hospitali. Huko ndiko magunia ya viazi na maharagwe yalikopimwa kabla ya kupokelewa. Mwenye stoo aliondoa gunia moja, akapangusa chuma kwa kiganja, akamwonyesha Tobias mahali pa kusimama kana kwamba anamkaribisha kitini. Mizani hiyo haikuona ajabu yoyote. Ilisoma kilo mia na ishirini na nne. Tobias alimshukuru mwenye stoo, akarudi kwa daktari akiwa na vumbi la viazi kwenye viatu.

"Figo yako inapatana na mwili wa mkeo," daktari alisema. "Hilo ni jambo la kushukuru. Taabu ni vitu vilivyoizunguka hiyo figo."

"Mafuta."

"Mafuta na presha. Nikikupeleka Nairobi ukapasuliwa ukiwa hivi, nitarudi na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Kamati yao inakaa mwishoni mwa Novemba. Uwe chini ya kilo mia na kumi, na presha iwe imetulia. La sivyo, wataliweka faili lenu kando."

Ulikuwa mwezi wa Juni. Tobias aliuliza afanye nini. Daktari alimweleza kwamba hospitali ina mpango wa watu wazima wenye uzito mkubwa. Wanafundishwa kula, wanatembea, na mara mbili kwa wiki wanafanya yoga katika ukumbi wa kanisa lililo karibu.

"Yoga? Ile ya Wahindi?"

"Ile ya watu ambao magoti yao hayawezi kukimbia," daktari alisema.

Katika chumba cha tatu kutoka hapo, Benta, mke wa Tobias, alikuwa amelala kando ya mashine iliyokuwa ikimsafisha damu. Alisafishwa mara mbili kwa wiki, hapo hapo Thika. Ndugu zake wawili walikuwa wamepimwa. Damu ya mmoja haikupatana na yake, na wa pili alikutwa na kisukari. Auma, binti yao wa pekee, alisoma chuoni Kisumu, na Benta alikuwa ameapa kwamba hatakubali mtoto wake aguswe. Alibaki Tobias, dereva wa lori la maji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekaa kwenye usukani akila chapati kwa mkono wa kushoto.

*

Walipofika nyumbani kwao Kimbo, Ruiru, Tobias alimweleza mkewe yote isipokuwa habari ya stoo.

"Nyama nimekatazwa. Chapati nimekatazwa. Ugali ni wa ngumi moja. Yule msichana wa lishe, Ciku, anasema nusu ya sahani iwe mboga za majani, na nikiwa na njaa niongeze hizo hizo. Managu, terere, sukuma."

"Managu si ndiyo osuga?" Benta aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

Uso wa Benta ulichangamka. Tangu figo zake zilipokufa, alikuwa amekatazwa mambo mengi: kushona kwa cherehani kwa muda mrefu, kuinua ndoo, kunywa maji kadiri ya kiu yake. Mboga za majani pia alikuwa amekatazwa. Lakini hakuna aliyemkataza kupika.

"Baba Auma, wewe unanipa kiungo cha mwili wako," alisema. "Mimi nitakupa nini? Basi chakula chako kitatoka mkononi mwangu. Usile tena njiani. Hata chai usinywe kwa watu."

Akaanza kupika kama mama yake alivyomfundisha kule Ugunja. Alichemsha osuga, akamwaga maji machungu, akatia maziwa, akaacha yakauke polepole. Akaongeza maziwa mengine. Alilaza sufuria hadi siku ya pili, akaipasha moto tena na kutia malai. Mwisho alichota samli aliyokuwa akiletewa kutoka nyumbani katika mkebe, akaizungusha mpaka mboga ikang'aa. Huko kwao, mboga iliyopikwa kwa maji tu ilikuwa ya mtu uliyemkasirikia. Na kwa kuwa sasa sahani ya mumewe haikuwa na nyama, aliona ni haki kuongeza kijiko.

Hakuweza kuionja. Aliinusa, akaridhika.

*

Mwalimu wa yoga aliitwa Wangeci. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi, mtulivu, mwenye sauti ambayo haikupanda hata alipokuwa akikemea. Tobias alipoingia ukumbini siku ya kwanza alikuta wanawake tisa wameketi kwenye mikeka. Mwanamume alikuwa yeye peke yake.

"Ngai! Mwalimu, umetuletea mzee na hukutuonya," alisema mmoja wao, Magdalene, muuza viazi vitamu kutoka Kalimoni. "Na mimi nimevaa suruali ya mtoto wangu."

"Nitatazama ukuta, mama," Tobias alisema.

"Utatazama ukuta ukiwa umeinama? Utatazama magoti yako, kama sisi."

Walicheka. Tobias alibaki amesimama kando ya mkeka wake. "Mwalimu, kabla sijalala hapo. Mimi ni Mkristo. Kuna maneno ya kusema?"

"Kuna neno moja," Wangeci alijibu. "Pumua."

"Mimi husema Baba Yetu nikiwa kichwa chini," Magdalene alisema. "Mungu hajawahi kulalamika."

Kushuka chini kulikuwa kazi. Kuinua mikono kulikuwa kazi nyingine. Tobias aligundua kwamba mwili wake ulikuwa na sehemu ambazo hakuwa ameziona kwa miaka, na kwamba vidole vya miguu yake vilikuwa mbali kuliko Thika ilivyo mbali na Ruiru. Walipoambiwa wasimame, wanawake wote walisimama. Yeye alibaki chini kama mzigo ulioanguka.

"Nikiwa chini ya lori huwa natoka kwa kushika bampa," alisema. "Hapa nishike nini?"

"Nishike mimi," Magdalene alisema, akamnyoshea mkono. Alivuta. Tobias hakutoka. Wakaja wengine wawili, mmoja akamsukuma mgongoni, na hatimaye akasimama, jasho likimtiririka, aibu ikiwa imemwenea hadi masikioni. Alitazama nyuso zao akitafuta dharau. Hakuiona. Kila mmoja wao alikuwa ameinuliwa hivyo hivyo siku yake ya kwanza.

Mwisho wa somo walilala chali na kufumba macho. Wangeci aliwaambia watoe pumzi yote, wasibakize. Tobias alipoitoa, alishangaa jinsi ilivyokuwa ndefu. Ilikuwa kana kwamba alikuwa ameishikilia tangu siku Benta alipougua, akaanguka ghafla penye bomba la maji.

*

Jumapili moja ya mwezi wa Julai, kaka yake Tobias, Oluoch, alikuja kuwatembelea kutoka Kiandutu, alikokuwa akifanya kazi ya kuchomelea vyuma. Aliketi sebuleni, akavua kofia.

"Omera, ndugu yangu, nasikia siku hizi unalala chini pamoja na wanawake."

"Ni mazoezi."

"Mazoezi ni kubeba vyuma. Hayo mengine ni mchezo wa matajiri." Kisha akashusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha, kwa maana kati ya sebule na jiko kulikuwa na pazia tu. "Na hili jambo la figo, umelifikiri sawasawa? Ndugu zake wako wapi?"

"Walipimwa. Haikuwezekana."

"Basi wamejitoa. Wewe ndiye unajiingiza. Ukifa kule mezani, nani ataendesha lori? Mke, Mungu apishe mbali, mke anaweza—"

"Oluoch."

"Nasema tu."

"Umesema. Sasa ngoja chakula."

Nyuma ya pazia, Benta alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Hakulia. Alifungua mkebe, akachota kijiko cha samli, akakitia. Kisha akachota kingine. Alipoleta sahani, alikuwa na uso wa mwenyeji mwema. Oluoch alikula, akaongeza, akaongeza tena.

"Shemeji," alisema akijipangusa midomo, "hii mboga inaweza kunihamisha Kiandutu."

"Asante," Benta alisema.

*

Mwishoni mwa Agosti, Tobias alirudi kwenye mizani ya stoo. Mwenye stoo alimsalimu kwa jina. Ilisoma kilo mia na ishirini na tatu.

Ciku, mtaalamu wa lishe, alikuwa kijana mwenye kucha zilizopakwa rangi ya zambarau na subira iliyokaribia kwisha. Magdalene alikuwa amepungua kilo saba. Kila mtu katika kundi alikuwa amepungua.

"Baba, tuambiane ukweli," Ciku alisema. "Chipsi?"

"Sijala."

"Soda, ukiwa kwa lori?"

"Ni maji. Nabeba maji lori zima."

"Wote husema maji. Sikuhukumu. Lakini hesabu haidanganyi, mtu ndiye hudanganya. Kama hutaki kupungua, sema, nafasi hii apewe mwingine."

Mlango ulikuwa wazi. Wanawake wa yoga waliokuwa wakisubiri nje walisikia. Tobias, mwanamume wa miaka hamsini na moja, aliyekuwa akiamka kabla ya jua kutembea barabara nzima ya Kimbo, aliyekuwa ameacha chapati, nyama na hata sukari katika chai, alijibu tu: "Nitajaribu zaidi."

Wiki hiyo hiyo, mshipa wa mkono wa Benta, ule uliotengenezwa kwa ajili ya mashine, ulianza kuziba. Muuguzi alimdunga mara tatu bila kupata damu. Daktari alisema wangejaribu mkono wa pili, na kwamba baada ya huo njia zilizosalia ni ngumu. Benta alirudi nyumbani amefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

Tobias aliamua kujiadhibu. Aliacha ugali kabisa. Njaa ilipomshika, alifanya alivyoambiwa: aliongeza mboga. Alikula sahani mbili za osuga adhuhuri na sahani mbili jioni. Benta, aliyemwona akila kwa bidii, alifurahi. Aliona kwamba kuna jambo moja katika nyumba hii ambalo mkono wake mgonjwa bado unaliweza.

Baada ya wiki mbili, Tobias alikuwa ameongeza kilo moja.

*

Alhamisi iliyofuata, somo lilipokwisha, Tobias hakuondoka. Alikuwa na maji ya kupeleka Juja, kwa hiyo aliketi kwenye ngazi za ukumbi na kufungua chombo chake cha chakula. Magdalene alikaa kando yake, akitafuna karoti kwa chuki.

"Unakula nini, Baba Auma? Hiyo harufu inanitesa."

"Managu. Peke yake. Hata ugali sina."

"Hiyo ni managu?" Alichungulia. "Mbona inang'aa kama nywele za mchumba?"

"Ni mapishi ya nyumbani. Onja."

Magdalene alionja. Alifumba macho. Akaonja tena, kisha akaweka kijiko chini polepole, kama mtu aliyekuta kitu cha thamani mahali pasipostahili.

"Mwalimu!" aliita. "Mwalimu Wangeci, njoo! Tumepata chipsi za Tobias."

Wangeci alikuja. Hakuonja. Aliinamisha tu chombo, na pembeni kukakusanyika mafuta ya rangi ya dhahabu, tulivu, yakiakisi mwanga.

"Mkeo hupika na nini?" aliuliza.

Tobias alieleza. Maziwa, maziwa tena, malai, samli. Alieleza kwa fahari mwanzoni. Kadiri alivyoeleza, sauti yake ilipungua.

"Woi," Magdalene alisema. Sasa hakuwa akicheka. "Sisi tunachemsha, tunakaanga na kitunguu, tumemaliza. Ciku alisema managu, akafikiria managu za kwao."

"Unakula kiasi gani kwa siku?" Wangeci aliuliza.

"Sahani nne."

Mlinzi wa kanisa alipita akiburuta mpira wa maji. Mtu angetarajia Tobias afurahi, kwa sababu hakuwa mwongo, na tatizo lilikuwa na jina. Badala yake alifunika chombo na kukishika kwa mikono miwili.

"Msimwambie," alisema. "Siku akija hapa, msimwambie. Nitakula kidogo. Nyingine nitamwaga njiani."

"Kwa nini?" Magdalene aliuliza. "Mwambie aache samli. Ni neno moja."

"Mama, hujui. Hana kitu kingine. Cherehani amekatazwa, ndoo amekatazwa. Anasimama jikoni na mkono ule umevimba ili anilipe. Nimwambie kwamba malipo yake ndiyo yanamnyima figo?"

Wangeci alikunja mkeka wake taratibu. "Ukimwaga chakula chake," alisema, "utakuwa umemnyima kazi na ukweli kwa pamoja. Alipougua, ulimficha ugonjwa wake?"

"La."

"Basi mheshimu vivyo hivyo."

*

Alimwambia Jumamosi mchana. Benta alikuwa akichambua osuga mlangoni, sinia juu ya mapaja, majani yakitoka kwenye mashina kwa mkono mmoja tu. Tobias alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuchambua upande wake. Alisema yote kwa sentensi fupi, bila kumtazama.

Benta aliendelea na kazi mpaka jani la mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe. Ni samli."

"Samli ilijitia sufuriani?"

"Mama Auma—"

"Miezi mitatu. Umetukanwa na yule msichana. Umelala chini ukainuliwa kama gunia. Na mimi niko hapa ninakunenepesha kama fahali wa matanga." Aliokota shina moja, akalivunja. "Siku ile Oluoch alipokuja, niliongeza vijiko viwili. Nilitaka aone kwamba mume wa mtu anatunzwa."

"Aliona. Alikula sahani tatu."

Alisema hivyo bila kukusudia kuchekesha. Benta alijaribu kubaki na hasira, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamshinda, akajishika ubavu na kuinamia sinia. Tobias naye akaanza. Jirani aliyekuwa akianika nguo alitoa kichwa kati ya mashuka kuona kama kuna usalama. Walicheka mpaka Benta akaanza kulia, na Tobias akamwacha alie.

"Nilitaka kukushukuru," alisema mwishowe.

"Najua. Hata mwili wangu unajua."

Benta alipangusa macho kwa leso. "Jumanne nitakwenda nawe. Hao wanawake wanipikie hayo majani yao niyaone."

*

Jumanne Benta aliingia ukumbini kwa mara ya kwanza. Alikuwa amejiandaa kuwaomba radhi watu asiowajua, na alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa ajili hiyo. Hakupata nafasi.

"Huyu ndiye fundi!" Magdalene alipiga kelele. "Dada, karibu. Mimi nimeota ile managu yako siku tano. Nikishafika kilo ninazotaka, nakuja kwako Kimbo kuziharibu zote."

"Nasikia nyinyi mnapika kwa maji," Benta alisema.

"Kwa maji na toba."

"Na mnakula?"

"Tunameza. Kula ni jambo lingine."

Waliketi kwenye ngazi, wakabishana kuhusu sufuria kwa muda mrefu kuliko somo lenyewe. Benta alitaja chakula cha sungura. Magdalene alitaja mapigo ya moyo. Ciku alipita, akaitwa, akaelezwa. Msichana yule alisimama akisikiliza, na kucha zake za zambarau zikafunika mdomo.

"Baba," alimwambia Tobias, "nilikuita mwongo mlango ukiwa wazi."

"Ndiyo."

"Nisamehe. Nami nitakusamehe zile sahani nne." Kisha akamgeukia Benta. "Mama, nilipaswa kuuliza mnavyopika. Mimi ni wa Gatanga. Kwangu mboga ni mboga, sikuwahi kufikiri kuna mtu anaipikia siku mbili."

Walipatana hivi: maji machungu ya kwanza yamwagwe kama kawaida, nyanya na kitunguu kwa wingi, maziwa yaliyotolewa malai, kikombe kimoja, siku moja, basi. Samli ifungiwe kabatini. Benta alikubali kama mtu anayetia saini ya kuuza shamba.

Siku hiyo Wangeci alimwekea kiti kando ya mkeka wa Tobias, akamwonyesha namna ya kuzungusha mabega na kupumua bila kusumbua mkono. Baada ya hapo Benta alikuja kila alipoweza, siku ambazo mashine haikuwa imemchosha.

Chakula kipya kilikuwa kibaya. Tobias alikila na kusema ni kizuri. Benta alimtazama usoni na kurudi jikoni kutafuta ndimu, dania, pilipili hoho. Mwezi wa Oktoba kilianza kulika. Suruali ya kazi ilihitaji kamba kiunoni. Madereva wenzake walianza kunong'ona kwamba Tobias ameathirika, na mmoja akamwekea mkono begani akamwambia dawa siku hizi zipo, asione haya. Tobias alimshukuru. Aliinama, akashika vidole vya miguu yake mbele ya lori, kisha akapanda kwenye usukani.

*

Mwishoni mwa Novemba waliitwa Nairobi. Mizani ya huko ilikuwa na nafasi ya kutosha, nayo ilisoma kilo mia na nane. Lakini alipofungwa kitambaa cha presha mkononi, mbele ya koti jeupe, moyo wake ulipiga kama mlango unaogongwa na polisi. Namba zilipanda. Muuguzi alikunja uso.

"Naomba kukaa chini kidogo," Tobias alisema.

"Kiti hiki hapa."

"Chini, mama. Sakafuni."

Alikaa sakafuni, akakunja miguu ambayo mwezi wa Juni haikuweza kukunjika, akafumba macho. Muuguzi wa pili alimruka akiwa amebeba trei. Tobias hakumsikia. Alitoa pumzi yote, asibakize, akaivuta upya, akaitoa tena. Alipopimwa mara ya pili, namba zilikuwa zimeshuka. Walimpima mara ya tatu kwa kutoamini, zikawa zimeshuka zaidi.

Kisha mshauri mmoja alimweka peke yake chumbani na kumuuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha, au aliyemwahidi chochote.

"Hakuna," Tobias alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akinilipa, tukamwambia apunguze."

Mshauri hakuelewa, akamwomba aeleze. Alipomaliza kueleza, mshauri alikuwa amevua miwani. Siku tatu baadaye simu ililia: kamati imekubali, waingie hospitalini Jumatatu.

*

Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatatu hiyo, walikwenda Thika wote wawili. Wanawake walikuwa wameamua kwamba Tobias ndiye atakayeongoza dakika za mwisho za somo. Alikataa, wakamzomea, akakubali. Benta hakutaka kiti. Alisema mashine ya jana yake haikumchosha, akaomba mkeka. Wangeci na Magdalene walimshusha polepole, wakamwekea mto wa sweta chini ya mkono.

"Mimi sijui maneno ya mwalimu," Tobias alisema, akiwa amesimama katikati yao. "Nitasema ya kwangu. Mmefika. Egesha pembeni. Zima injini. Toa mguu kwenye breki, hapa ni tambarare, gari haliendi popote. Mzigo mliobeba umeshashushwa. Hakuna anayepiga honi."

Aliendelea hivyo, kwa sauti ya chini, hadi akaishiwa na maneno. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, kisha akawaambia wafungue macho. Mmoja baada ya mwingine, waliketi.

Benta hakuketi. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na mkono wenye bendeji umelegea juu ya sweta. Tangu ugonjwa ulipoanza, miguu yake ilimtekenya na ngozi ikamwasha usiku kucha. Alikuwa akilala kwa vipande vidogo, ameketi. Tobias alikuwa hajamwona akilala chali, hivyo, kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Magdalene alifungua kinywa kusema neno. Wangeci alimgusa bega. Wanawake walikunja mikeka yao bila kuipiga vumbi, wakabeba viatu mkononi, wakatoka kwa ncha za vidole. Kila mmoja alipita karibu na Tobias na kumshika mkono. Hakuna aliyesema kwaheri.

Alikaa sakafuni kando ya mkewe. Baada ya muda mlango ulifunguka. Ilikuwa kwaya ya kanisa, watu kama ishirini, wamekuja kwa mazoezi yao ya jioni, na mwanamke wa mbele ameshika ngoma. Waliona mtu mzima amelala katikati ya ukumbi, wakasimama.

"Ni mgonjwa?" mwenye ngoma alinong'ona. "Tuite daktari?"

"La," Tobias alisema. "Amelala tu."

Mwanamke huyo alitazama kwa muda. Kisha aliweka ngoma chini nje ya mlango, akawageukia wenzake, akawaonyesha kwa mkono waende wakaimbie upande wa pili wa jengo.